Anayetaka Kuaminiwa na Aanze na Kidogo

Leo katika ukurasa huu wa mambo ya nyumbani twataka kusema juu ya jambo linalowatia uchungu watu wengi wa Kikula: mtu mwaminifu aendaye kuomba mkopo akanyimwa. Hanyimwi kwa sababu ni mwizi, wala kwa sababu ni mvivu. Hunyimwa kwa sababu wale anaowaomba hawamjui, wala hawana kitabu cha kuwaambia yeye ni mtu wa namna gani.

Tuseme yuko mama mmoja auzaye unga wa bukari katika soko la Kikula. Miaka 12 ameuza pale pale. Hununua magunia yanayotoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, huyauza kwa vipimo vidogo, na kwa faida hiyo amewasomesha watoto wanne. Yumo katika likelemba la wanawake 10, na zamu yake ya kutoa haijapita hata mara moja bila yeye kutoa. Mwenye duka jirani humpa mafuta na sukari bila fedha, akijua kwamba Jumamosi italipwa. Siku moja mama huyu ataka kuongeza magunia, aenda kwenye nyumba ya mikopo mjini. Karani amwuliza: “Umepata kukopa wapi? Ulilipa lini? Tuonyeshe karatasi.” Mama hana karatasi. Ana jina jema tu, na jina hilo lajulikana sokoni, halijulikani mezani kwa karani. Basi arudi nyumbani mikono mitupu.

Tuseme tena yuko kijana wetu aliyekwenda kukaa Marekani. Amepata kazi, apokea mshahara kila majuma mawili. Aomba kadi ya mkopo, naye akataliwa, ingawa mshahara wake wamzidi mama yule mara nyingi. Sababu ni ile ile: daftari lake ni jeupe.

KADI YA MKOPO NI KITU GANI?

Kadi ambayo wengi wetu twaijua hapa Kongo ni ya kutolea fedha zetu wenyewe. Mwaka wa 2011 serikali ilianza kuwalipa walimu na watumishi wake wengine kwa njia ya benki, na tangu hapo mwalimu huingiza kadi yake mashineni akatoa mshahara wake. Ukiisha mshahara, kadi haina la kujibu.

Kadi ya mkopo ni kitu kingine. Mwenye kadi hiyo hununua kwa fedha za benki, na mwisho wa mwezi huletewa hesabu. Akilipa yote kwa siku iliyowekwa, kwa kawaida hatozwi riba kwa vitu alivyonunua. Akilipa sehemu tu, kilichobaki hutozwa riba, nayo si ndogo. Kwa hiyo benki haiwezi kumpa kadi hiyo mtu ye yote apitaye mlangoni. Yataka kujua kwanza kama hulipa.

Wajuaje? Katika Marekani ziko kampuni tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, ambazo kazi yao ni kukusanya habari za jinsi kila mtu alivyolipa madeni yake. Kutokana na habari hizo watu hupewa alama, na katika kipimo kinachotumiwa sana alama hizo huanzia 300 hadi 850. Fungu kubwa kuliko yote, 35 kwa mia, latokana na swali moja: je, mtu huyu alilipa kwa wakati? Mengine hutokana na wingi wa deni, umri wa madeni yake, aina za madeni, na maombi mapya aliyoyapeleka. Angalieni kwamba mshahara haumo katika hesabu hiyo. Tajiri asiyelipa kwa wakati atakuwa na alama mbaya, na mfagiaji wa ofisi alipaye kwa wakati atakuwa na alama njema.

Wala msidhani kwamba ni wageni tu wanaokosa maandishi hayo. Mwaka wa 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilitangaza kwamba watu wazima wapatao milioni 26 katika nchi ile hawakuwa na habari yo yote katika vitabu vya kampuni hizo. Walikuwa hai, walifanya kazi, walikula na kulipa, lakini kwa mkopeshaji walikuwa kama hawapo.

Hapa kwetu pia Benki Kuu ya Kongo inayo ofisi ya kukusanya habari za mikopo, iitwayo kwa Kifaransa Centrale des Risques. Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba akikosa kulipa katika nyumba moja ataweza kujificha katika nyumba nyingine.

KWA NINI MADAFTARI YETU NI MEUPE

Haifai kuwalaumu wazee wetu kwa jambo hili. Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka wa 1966, ilikua kwa kazi ya shaba. Kampuni ya Union Minière, na baada ya mwaka wa 1967 kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines, iliwapa wafanyakazi wake mshahara, nyumba, hospitali, shule na posho ya chakula. Baba wa nyumba hakuwa na haja kubwa ya kukopa kwa mtu mwingine. Jina lake lilikuwa katika vitabu vya kampuni, na hilo lilimtosha.

Tena, wale waliojaribu kuweka akiba waliona mambo ya kuvunja moyo. Mwezi wa Desemba 1979 serikali ya Zaire ilizifuta noti za zaire 5 na zaire 10, na watu wengi hawakuweza kubadilisha fedha zao zote. Mwaka wa 1991 watu wa Kinshasa walipoteza fedha zao katika michezo ya kuahidiwa faida kubwa, kama ule wa Bindo. Mwaka wa 1993 zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire moja mpya, na mwaka wa 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja ya Kongo. Aliyeweka akiba ya miaka kumi alikuta haitoshi kununua mkate. Kisha Gécamines yenyewe ikaanguka, mishahara ikakaa miezi mingi bila kulipwa, na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Vitabu vile vya kampuni, vilivyotunza majina ya baba zetu, havikuwafaa watoto wao tena.

Wake za watu walikuwa na shida nyingine zaidi. Sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa mambo ya namna hii ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imeliondoa sharti hilo. Akina mama walijue jambo hili, na karani asiwaambie vingine. Lakini yawapasa mume na mke wapatane kabla ya kukopa, maana deni likiingia nyumbani hukaa mezani pamoja na wote.

WENGINE WALIANZAJE?

Shida ya mtu mwaminifu asiyejulikana si mpya, wala si ya Waafrika peke yao. Katika Ujerumani aliishi mtu aitwaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Alikuwa mkuu wa kijiji wakati wa njaa ya miaka ya 1846 na 1847, akaona jinsi wakulima walivyonyonywa na wakopeshaji. Mwaka wa 1864 akaanzisha huko Heddesdorf chama ambacho watu wa mahali pamoja waliweka na kukopa, na kudhaminiana wenyewe.

Katika Kanada, Alphonse Desjardins alianzisha chama cha namna hiyo mjini Lévis mwezi wa Desemba 1900. Walipoanza kupokea fedha mwezi wa Januari 1901, mtu wa kwanza aliweka senti 10, na siku ile yote walipata dola 26 na senti 40. Vyama vyake vilienea kutoka parokia moja hadi nyingine, na sababu ni rahisi kuifahamu: katika parokia watu hujuana. Wanaoamua kumkopesha mtu wamwona kila Jumapili, wajua kama ni mlevi au mtu wa kazi. Wakaandika waliyoyajua, na kile kilichokuwa habari ya mdomoni kikawa kitabu.

Karibu na siku zetu, Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh alianza mwaka wa 1976 katika kijiji cha Jobra kuwakopesha maskini wasio na rehani. Benki ya Grameen iliyotokana na kazi hiyo iliwekwa rasmi mwaka wa 1983, na mwaka wa 2006 yeye na benki hiyo walipewa tuzo ya Nobel ya amani. Wakopaji wake walikuwa hasa wanawake, nao walikaa katika vikundi vidogo, mmoja akimwangalia mwenzake.

Ndugu zetu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi nao walipata mwanzo wao kwa njia ambayo wengi hawakuifahamu. Nauli ya ndege walikopeshwa na shirika la kimataifa la uhamiaji, IOM, bila riba, wakaanza kuilipa miezi michache baada ya kufika. Wengine walinung’unika: “Tumefika juzi tu, tayari tunadaiwa!” Lakini malipo yale yalipelekwa kwa kampuni za kuandika habari za madeni. Basi aliyelipa kila mwezi, hata kidogo kidogo, alikuwa anaandika ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Na aliyelipuuza deni hilo alianza daftari lake kwa doa.

Asiyekuwa na deni la namna hiyo huko Marekani hushauriwa aombe kadi ya dhamana. Huweka benki, tuseme, dola 200 zake mwenyewe, nayo benki humpa kadi ya kununulia vitu hadi kiasi hicho. Anunue kitu kidogo kila mwezi, asifikie theluthi ya kiasi hicho, na alipe yote kabla ya siku. Kwa kipimo kile tulichokitaja, deni lisilotimiza miezi 6 kitabuni haliwezi kumpatia mtu alama. Kwa hiyo yampasa avumilie. Tena asiombe kadi tano kwa mwezi mmoja, maana kila ombi huandikwa, na maombi mengi humfanya mtu aonekane kama anayezama.

NJIA YA KUANZA HAPA KIKULA

Turudi sasa kwa mama yetu wa soko. Afanye nini ili karani amjue?

Kwanza, jina lake liwe moja. Hili ni jambo dogo lililowazuia wengi. Mwaka wa 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristo, na tangu siku zile jamaa nyingi zina jina moja katika cheti cha ubatizo na jingine katika kitambulisho. Wengine wameandikwa Muamba hapa na Mwamba kule. Kwa karani hao ni watu wawili. Mama ahakikishe kwamba kadi yake ya mpiga kura, hati ya makao ya komini na kitabu cha akiba vina jina lile lile, herufi kwa herufi.

Pili, aweke akiba kabla ya kukopa. Atafute chama cha akiba na mikopo au benki iliyoruhusiwa na Benki Kuu, na aombe kuonyeshwa ruhusa hiyo. Kisha aweke kila juma, hata franka 5,000. Mkopeshaji hupendezwa na kitabu chenye malipo madogo 40 kuliko chenye malipo makubwa mawili.

Tatu, likelemba liandikwe. Wanawake 10 wakitoa franka 20,000 kila juma, kila mmoja hupokea 200,000 kwa zamu yake. Hii ni kazi kubwa ya uaminifu, lakini haina ushahidi. Wanunue daftari, wachague mwandishi, na kila anayetoa na anayepokea atie sahihi au dole gumba. Ziko nyumba za mikopo zinazokopesha vikundi vya wanawake wanaodhaminiana. Kikundi chenye daftari la mwaka mzima kitasikilizwa upesi kuliko kile kinachoapa tu.

Nne, aandike biashara yake: fedha zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Mwanafunzi wa nyumbani aweza kufanya kazi hii kila jioni kwa dakika 10, nayo itamfaa kuliko hesabu nyingi za ubaoni.

Tano, deni la kwanza liwe dogo, na liwe la kitu kinachozaa. Aombe fedha ya magunia mawili, asiombe ya kumi. Asikope kwa ajili ya karamu, maana wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Alipe siku mbili kabla ya siku, atunze kila risiti, na akimaliza aombe karatasi inayoshuhudia kwamba amemaliza. Karatasi hiyo ndiyo atakayoionyesha safari ya pili.

MITEGO YA KUANGALIA

Aliyenyimwa mchana huenda usiku kwa mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye watu humwita kwa mzaha Banque Lambert. Huyu haulizi karatasi. Humpa mtu franka 100,000 leo, arudishiwe 150,000 mwisho wa mwezi. Asipolipa, nusu nyingine huongezwa: mwezi wa pili 225,000, mwezi wa tatu 337,500. Linganisheni na chama, tuseme, kinachotoza 3 kwa mia kila mwezi juu ya deni lililobaki. Mtu akilipa 25,000 za deni kila mwezi kwa miezi minne, riba yote itakuwa franka 7,500. Na tazameni jambo la pili: hata yule amlipaye mkopeshaji wa mtaani kwa uaminifu hapati ukurasa hata mmoja, kwa maana mkopeshaji huyo haandiki popote jina jema la mtu.

Mtego mwingine ni dola. Anayeuza kwa franka asikope kwa dola pasipo kufikiri. Mwanzoni mwa mwaka wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa mwaka wa 2017 ilikuwa karibu franka 1,600. Aliyekopa dola 100 alipaswa kutafuta franka 160,000 badala ya 93,000, ingawa unga aliouza ulikuwa ule ule.

Mtego wa tatu ni simu. Katika Kenya, tangu mwaka wa 2012, watu waweza kukopa kwa simu kwa M-Shwari, bila kuingia benki, simu yenyewe ikitoa habari za mwenye kuomba. Jambo hili liliwafungulia mlango wengi waliokuwa hawajulikani. Lakini wengi pia walikopa hapa ili walipe pale, na mwaka wa 2022 Benki Kuu ya Kenya ililazimika kuweka utaratibu wa kuwasaidia mamilioni ya watu waliokwisha kuandikwa vibaya kwa madeni madogo ya simu. Urahisi wa kukopa hauleti urahisi wa kulipa.

Mwisho, kumdhamini mtu ni kukopa pamoja naye. Ndugu akija na karatasi ya kutiwa sahihi, isome yote. Kama huwezi kulilipa deni hilo peke yako, mwambie kwa upole: “Ndugu yangu, siwezi.” Afadhali haya ya siku moja kuliko ugomvi wa miaka kumi.

Ninyi vijana wa shule, msingoje mpaka mpate kazi. Anayeazima kitabu cha mwenzake na kukirudisha siku aliyoahidi amekwisha kuanza. Ninyi akina mama wa likelemba, nunueni daftari hilo juma hili, maana uaminifu mnao tangu zamani. Umekosa wino tu. Na kwa yule aliyenyimwa mkopo jana, twasema: usikate tamaa, wala usimchukie karani. Mwulize kwa utulivu sababu ya kukunyima, iandike, nenda ukairekebishe, urudi baada ya miezi sita na kitabu chako mkononi.